Binti wa Beseni

Nyanzala aliyasugua yale mabeseni kama mtu aliyetumwa kuyatoboa. Tangu mchana alikuwa ameinama penye bomba la uani, nyuma ya kanisa la Mennonite la Nsemulwa, povu limempanda mpaka kwenye viwiko, na neno hatoi. Wanawake wenzake wa zamu walikuwa wanafagia huku wanacheka na kutaniana.

"We Nyanzala, hayo mabeseni yamekukosea nini?" Aneth alimuuliza. Aneth alikuwa kiongozi wa kwaya na ndiye mtu pekee aliyejua siri yake yote.

"Kesho watu wataweka miguu humu. Lazima yatakate."

"Yalishatakata zamani. Sasa hivi unayachubua."

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana, na kwa Wamennonite mtu haendi mezani hivi hivi. Kabla ya mkate na kikombe kuna kutawadhana miguu. Wanawake wanakaa upande wao na wanaume upande wao. Unamwendea mwenzako na beseni la maji, unapiga magoti, unamwosha miguu, unaikausha kwa taulo, kisha naye anakuosha wewe na mnakumbatiana. Jumamosi inayotangulia ni ya kusafisha mioyo. Mwenye neno na mwenzake amfuate wakalimalize, maana hakuna ruhusa ya kumeza mkate wa Bwana huku umekabwa na kinyongo.

Neno la Nyanzala halikuwa la kinyongo. Lilikuwa la mapenzi, na mapenzi nayo, jamani, yakikosa pa kutokea yanaunguza kuliko kinyongo.

Pikipiki ilinguruma barabarani, ikazimwa getini. Nyanzala hakuinua kichwa. Hakuwa na haja, mlio ule aliujua hata katikati ya soko.

"Nyanzala, kaka yako huyo!" Aneth alipaza sauti ili wote wasikie. Halafu akageuka kwa wale wengine. "Nyie, twendeni ndani tukapange mabenchi. Tuacheni kuzubaa hapa."

Gervas alikuja taratibu, kofia ya pikipiki kwapani. Alikuwa ametoka Ikola alfajiri kuchukua dagaa wa biashara yake, vumbi la njia nzima limemkaa kwenye kope. Alisimama hatua chache kutoka bombani, akamtazama. Alikuwa na namna yake ya kumtazama Nyanzala, ya kuanzia machoni na kuishia machoni, kana kwamba sehemu nyingine zote zingesubiri siku zake. Nyanzala akalishika beseni kwa nguvu.

"Habari za hapa?"

"Nzuri. Pole na safari."

"Asubuhi nimepitia kwa mchungaji," Gervas alisema. "Nimemweleza kila kitu."

Beseni likamponyoka Nyanzala, likabingirika kwenye matope. "Umemweleza? Gervas! Bila kuniambia?"

"Ningekuambia ungenikataza. Mwaka mzima unanikataza. Nimemwambia, mchungaji, nampenda Nyanzala, naye ananipenda, tunaomba kesho utangaze ndoa yetu kanisani."

"Akasemaje?"

Gervas aliokota beseni, akalisuuza mwenyewe. "Mchungaji Masele ni mtu mzima. Hakushangaa hata kidogo. Kasema sheria ya kanisa haimkatazi, maana mimi na wewe hatuna damu moja. Lakini kasema hatafungua kinywa mpaka mama yangu amwambie kwa mdomo wake kwamba hana neno."

"Basi imekwisha," Nyanzala alisema, akakaa juu ya ndoo.

Asiyeijua habari hii huenda akashangaa. Kijana hana mke, binti hana mume, wote waumini safi, tatizo liko wapi? Tatizo lilikuwa kaburini.

Gervas alikuwa na kaka mkubwa, Gaudensi, kifungua mimba wa mama yao. Walikuwa wakulima wa Kasekese tangu enzi za mababu. Akina Nyanzala walikuwa Wasukuma waliohamia huko kutoka Magu na ng'ombe wao. Siku moja ng'ombe wakaingia kwenye mahindi. Gaudensi akatoka kuwafukuza, na nyuma ya ng'ombe alikuwepo Machibya, kaka yake Nyanzala, na fimbo mkononi. Yakatoka maneno, yakafuata matusi, kisha ikatoka fimbo moja tu, ya kichwani. Gaudensi hakufika hospitali. Machibya akafungwa, na wajomba wa marehemu wakaapa kwamba siku atakayotoka jela ndiyo siku atakayolala chini.

Familia zote mbili zikaondoka kijijini, kila moja na machungu yake, zikaangukia Mpanda mjini, na kwa kuwa zote zilikuwa za kanisa moja, zikajikuta chini ya paa moja. Mama wa marehemu, ambaye mpaka leo anaitwa Mama Gaudensi, alikuwa anakuja ibadani, lakini Meza ya Bwana haigusi. Mabeseni yakitolewa, anabeba mkoba wake na kuondoka.

Hadi Pasaka ya mwaka jana. Mama yake Nyanzala alikuwa ameshafariki, kwa hiyo msichana ndiye mwanamke pekee wa nyumba yao. Akabeba beseni, akavuka kanisa zima, akapiga magoti mbele ya Mama Gaudensi kabla hajainuka kuondoka. Hakuna aliyekohoa. Mama wa watu akaukamata mkoba wake, akauachia, kisha akavua ndala. Alipokwisha kuoshwa alimwinua yule binti, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka nje, "Kanisa, nisikilizeni. Nilinyang'anywa mtoto. Leo Mungu amenirudishia mtoto. Huyu ni binti yangu wa kumzaa."

Mchungaji akamuuliza Nyanzala kama amekubali. Na Nyanzala akajibu upesi, tena kwa furaha ambayo kila mtu aliiona, "Nimekubali!"

Vigelegele viliezua paa. Wajomba walipelekewa habari kwamba Machibya sasa ni ndugu wa binti wa nyumba yao, na binti wa nyumba halizwi. Walinung'unika wiki nzima, lakini walitii. Machibya alitoka jela miezi michache baadaye, na mpaka leo anatembea mjini na uhai wake.

"Nikuulize kitu," Gervas alisema sasa, amechuchumaa mbele yake. "Siku ile ulikubali kwa nini? Tulikuwa tumeshaanza kutazamana. Ulijua, nami nilijua. Kwa nini ukakubali uwe dada yangu?"

Nyanzala alifuta povu kwenye mikono. Machozi yalianza kumtoka kabla ya maneno. "Ni ujinga wangu. Nilikuwa nawaza jinsi ya kuingia kwenu. Watu wa kwetu wamewaulia mtoto, nitapita wapi mimi? Mama yako aliposema mimi ni binti yake, nikaona Mungu kafungua mlango. Nikajisemea, nikishaingia ndani, nikishapendwa, mengine yatajipa yenyewe. Sikujua, Gervas. Nilijifungia mwenyewe na ufunguo nikautupa."

"Ufunguo haujatupwa."

"Umetupwa! Msibani kwenu mimi ndiye niliyekaa na akina dada. Shangazi zako wananiita mtoto wa kaka. Mama yako akiumwa ni mimi ninayelala kwake. Nani atakayekaa chini aseme, samahani, tulikosea, huyu ni mkwe?"

Nyanzala alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye cherehani yake sokoni, na kwenye mkono wa blauzi kulikuwa kumening'inia uzi mwekundu. Gervas akauvuta taratibu. Akamshika mkono wa kushoto, akauzungusha ule uzi kwenye kidole cha pete, akafunga fundo, na ncha iliyobaki akaikata kwa meno. Midomo yake ilimgusa kidole kwa muda mfupi sana, na Nyanzala alifumba macho.

"Hiki ndicho kipimo," alisema. "Kaa nao mpaka kesho. Nitakuja kuuchukua niupeleke kwa sonara."

"Gervas, watu..."

"Waache waone."

Na kweli kuna mtu aliona. Mama Gaudensi alikuwa amesimama kwenye kona ya kanisa, rundo la mataulo meupe mikononi, ameyanyoosha kwa pasi na kuyakunja kama kawaida yake. Haikujulikana amefika saa ngapi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, asiyependa makelele, na hata sasa hakupiga makelele. Aliyaweka mataulo juu ya kiti, moja moja, mpaka yakaisha.

"Mama, shikamoo," Nyanzala alisema, mkono ameuficha nyuma.

"Marahaba, mwanangu." Kisha akamgeukia Gervas. "Mchungaji kapita nyumbani. Kaniuliza kama nina neno. Nimemwambia ninalo."

"Mama, nisikilize."

"Nakusikiliza tangu ulipozaliwa, baba. Leo nisikilize mimi."

Akakaa juu ya lile benchi bovu la bombani, akavuta kanga yake magotini. "Nyie mnadhani mimi nilisamehe kwa sababu ni mtakatifu. Mimi si Yesu. Nilikuwa nawachukia hao watu mpaka redioni wakipiga ngoma ya Kisukuma nazima. Nilikuwa naamka asubuhi nazihesabu kuta tu. Halafu huyu binti akaja na beseni. Nikaona, Mungu ananipa kitu cha kushika mkononi. Mikono mitupu siwezi kusamehe nayo. Nikamshika huyu. Akiwa mwanangu, basi Machibya ni ndugu wa mwanangu, naweza kumwangalia usoni na kumpa mkono. Ndivyo ninavyoishi. Hakuna njia nyingine niliyonayo."

"Akiwa mkwe wako si atakuwa mwanao vilevile?" Gervas aliuliza. "Atakuwa wako zaidi. Ataishi kwako."

"Akiwa mkwe anarudi kuwa binti wa watu," Mama Gaudensi alisema. "Binti wa wale watu. Ataondoka na wewe, mtaenda kwao kusalimia, utakaa meza moja na wakwe zako mnacheka. Mmoja walinichukulia kwa fimbo. Wa pili wanichukulie kwa mapenzi? Nibaki na nani mimi?"

Akajifunika uso kwa kanga. Nyanzala alishuka kutoka kwenye ndoo, akapiga magoti kwenye matope, akamshika miguu. "Mama, basi. Mama, usilie."

"Na wajomba zako, Gervas, umewafikiria?" Mama aliendelea huku anajifuta. "Walinyamaza kwa sababu niliwaambia ni dada yako. Leo niwaambie sio dada tena, ni mchumba? Watasema Wasukuma walinichezea akili. Watasema binti alitumwa. Unajua watakwenda wapi baada ya kusema hivyo. Machibya hatafika mavuno."

Gervas alipiga ukuta kwa ngumi. "Kwa hiyo Gaudensi amekufa, na mimi pia nife?"

"Hufi. Kuna wasichana Katavi nzima."

"Sitaki Katavi nzima!"

Mama Gaudensi alisimama, akampapasa Nyanzala kichwani, polepole, jinsi mama anavyompapasa mtoto mwenye homa. "Mwanangu, sitakulazimisha. Kesho nitakaa kwenye benchi langu, pale pale pa siku zote. Ukija na beseni kama binti yangu, nitavua ndala, nitakula Meza. Usipokuja nitajua umechagua. Nitachukua mkoba wangu nitoke, na hapa sitakanyaga tena. Sitakulaani. Nitakuwa tu sina cha kushika."

Akaondoka. Ndala zake zilisikika mpaka getini.

Wakabaki wawili na mabeseni yao. Gervas ndiye aliyeanza. "Twende Ikola. Nina chumba kule, nina watu wangu wa dagaa. Kule hakuna anayejua nani alimwosha nani miguu. Tutaanza maisha."

"Na Machibya?"

"Machibya ni mtu mzima."

"Na mama?"

Gervas akatazama getini alikopitia mama yake. Kisha akasema, "Basi kesho usiende kwake. Nenda kwa Aneth, nenda kwa yeyote. Nikiona umepiga magoti kwa mtu mwingine, nitasimama wakati wa matangazo niseme mwenyewe mbele ya kanisa zima. Nitawaambia wajomba mimi ndiye niliyekutaka. Wakitaka kuua waniue mimi. Nyanzala, nipe ishara hiyo tu, mengine niachie."

"Na ukiona nimekwenda kwake?"

Gervas alivaa kofia yake, akaifunga kidevuni. "Usiende kwake," alisema.

Jumapili kanisa lilijaa hadi varandani. Mchungaji Masele alihubiri, lakini ungemuuliza Nyanzala amehubiri nini, angekuangalia tu. Alikuwa hajalala. Macho yalikuwa mazito, na kile kidole chenye uzi alikuwa amekikunja ndani ya kiganja tangu alipoingia.

Wazee wakaleta mabeseni. Wakaleta majagi ya maji ya uvuguvugu. Kwaya ya Aneth ikaanza kuimba taratibu, ile sauti ya kuomba toba, na watu wakaanza kuinuka mmoja mmoja kwenda kwa wenzao. Nyanzala akachukua beseni. Lilikuwa zito kuliko maji yaliyokuwemo.

Aneth alikuwa ameshavua viatu. Alikuwa anaimba huku ameinyoosha miguu yake kwenye njia, na macho yake yanasema wazi, njoo kwangu, shoga yangu, njoo uolewe. Nyanzala alipiga hatua kumwendea. Akapiga nyingine. Upande wa wanaume alimwona Gervas amesimama na jagi mkononi, hapumui, uso umeanza kung'aa kama wa mtu aliyeitiwa jina lake mahali penye zawadi.

Nyuma ya Gervas alikuwa amekaa Machibya. Peke yake, kwenye ncha ya benchi. Tangu atoke jela hakuna mwanaume mwingine aliyewahi kumwosha miguu isipokuwa Gervas, na watu walikuwa wameshazoea kumwachia. Alikuwa ameshavua viatu vyake. Amekunja suruali mpaka magotini, anasubiri, anajaribu kutabasamu kwa kila anayepita. Hakujua lolote. Nyanzala hakuwahi kupata moyo wa kumwambia.

Akageuza shingo upande wa akina mama. Mama Gaudensi alikuwa kwenye benchi lake, ndala bado miguuni, mkoba mapajani, kidole kimeshika mkanda wake. Alikuwa anaangalia mbele tu, msalabani, kama mgonjwa anayesubiri majibu ya kipimo ambacho matokeo yake ameshayajua.

Jamani, moyo wa mtu ni mmoja, nao unaombwa na wangapi?

Nyanzala alisimama pale katikati mpaka mwimbo ukaisha ubeti. Halafu akageuka. Maji yalimwagika kidogo sakafuni alipogeuka, na Aneth akaacha kuimba. Akamwacha Aneth, akayapita mabenchi mawili, akafika, akapiga magoti.

"Umekuja kama nani?" Mama Gaudensi alimuuliza kwa kunong'ona.

Nyanzala hakuwahi kumwita mtu yeyote mama kwa Kisukuma chao tangu alipomzika mama yake mwenyewe. Hata huyu alikuwa anamwita mama tu, kwa Kiswahili, kama watu wote. Neno lile lingine alikuwa amelitunza. Leo akalitoa.

"Kama binti yako, mayu."

Mkoba ukaanguka chini. Mama Gaudensi alivua ndala, akaitumbukiza miguu yake majini, na hapo hapo akaanza kulia bila sauti. Ilikuwa miguu ya jembe, visigino vimepasuka, ukucha wa kidole gumba haupo. Nyanzala aliiosha yote miwili, akapitisha vidole kwenye kila ufa, akaikausha kwa taulo lililonyooshwa na mwenye miguu. Kichwa hakuinua. Alijua upande wa pili kuna mtu anamtazama, na akijaribu kuangalia huko, hata mara moja, atapiga kelele kanisani.

Kisha akasikia maji yakimiminwa upande wa wanaume, mengi, kwa muda mrefu. Akasikia sauti ya Machibya, ya upole, inasema, "Asante, ndugu yangu. Mbona unalia?"

Ikawa zamu ya Mama Gaudensi kumwosha yeye. Akamwosha vizuri, hadi juu ya vifundo, akamkausha, akamshika mikono ili amwinue wakumbatiane. Hapo ndipo alipokiona kile kidole. Uzi ulikuwa umelowa wakati wa kuosha, ukakaza, nyama imevimba pembeni yake.

"Uzi gani huu?"

"Wa kazini tu, mayu. Wa cherehani."

Mama Gaudensi alimtazama usoni kwa kitambo. Alikuwa mwanamke aliyewahi kupenda na aliyewahi kuzika, huwezi kumdanganya kwa uzi. Akakiinua kile kidole mdomoni, akaukata uzi kwa meno, na akausokota sokota mpaka ukawa kitu kidogo sana. Akautia kwenye beseni, kwenye maji machafu.

"Ungekuumiza," alisema, akamkumbatia kwa nguvu.

Nyanzala alikula mkate. Alikunywa kikombe. Wakati wa matangazo Gervas hakusimama.

Baada ya ibada akina mama walipakua wali na nyama uani, na watu wakakaa vikundi vikundi kwenye mikeka. Ilikuwa furaha tupu. Mchungaji Masele alipita anasalimia, alipofika kwa Nyanzala akamshika bega, akataka kusema kitu, akaishia kusema, "Mungu akutie nguvu, binti." Aneth alikuja na sahani yake, akakaa karibu naye, hakuuliza chochote, akawa anamwekea nyama zake kwenye wali wake, moja moja, na Nyanzala hali.

Mama Gaudensi alimwita pembeni, wakakaa kwenye lile benchi bovu la bombani.

"Mwanangu, nina jambo. Najua ninachokuomba ni kikubwa, ndiyo maana naomba, siamuru." Alimshika mkono, akawa anakisugua kile kidole bila kukiangalia. "Kuna binti wa watu kule Kasekese, anaitwa Cecilia. Mtoto mwenye adabu, kwao ni waumini. Gervas akikaa hivi hivi ataharibika. Au siku moja mtaniponyoka wote wawili. Jumamosi tunakwenda kumwona. Kwetu dada mtu ndiye anayetangulia. Anaingia jikoni kwao, anakaa na msichana, anamtazama mwendo na maneno yake, halafu anarudi kutuambia anafaa au hafai. Akishasema anafaa, hakuna wa kupinga." Akakiachia kile kidole. "Sina binti mwingine."

Nyanzala aliangalia bomba. Lilikuwa linadondosha tone moja moja kwenye matope, pale pale alipokuwa amekaa jana na uzi mpya kidoleni.

"Na vipimo vya gauni ungemchukulia hapo hapo," mama aliongeza kwa sauti ndogo. "Wewe ndiye fundi wetu."

"Sawa, mayu."

Alipoinua macho, Gervas alikuwa amesimama nyuma yao, kofia ya pikipiki mkononi. Alikuwa amesikia. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini uso wake ulikuwa umetulia kabisa, na huo utulivu ndio uliomtisha Nyanzala kuliko kilio. Mwaka mzima watu walikuwa wanawaita kaka na dada, na mwaka mzima Gervas hakuwahi kulitamka neno hilo, hata kwa kuficha siri, hata mbele ya mama yake. Alikuwa anamwita Nyanzala tu.

"Dada," alisema.

Mama Gaudensi aliinamisha kichwa.

"Dada, Jumamosi nikupitie saa ngapi?"

Nyanzala alitaka kumwangalia, akashindwa. Aliviangalia viatu vya Gervas. Vilikuwa bado vimelowa maji ya kanisani.

"Saa mbili, kaka," alijibu, akainuka kwenda kukusanya mabeseni, maana hakuna aliyekuwa ameyaosha.